Majora Sita ya Pamba

Mbooni
3 Machi 2023

Mumina mdogo wangu,

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako hushika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji, nami sifanyi biashara na mtu aliye juu ya tangi. Tena neno la simu halina shahidi. Miaka tisa niliyofundisha Tseikuru, nikila kwenu na kulala chumba kimoja nawe, sikumwona marehemu baba yako akiuza hata mbuzi mmoja bila karatasi. Wenzake walimcheka. Lakini ni mbuzi wa nani waliopotea?

Sasa sikiliza. Tumeunda mwethya hapa, kikundi cha kusaidiana cha wanawake kumi na wanane, tunashona mifarishi. Mimi ndiye mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye mdomo. Ikifika Juni huku milimani, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na kina mama wanatoka zahanati na vichanga wamefungwa leso moja na sweta ya mtumba. Waheshimiwa wetu nao huleta blanketi wakati wa kampeni, nyembamba, ukiliinua unamwona jirani upande wa pili. Na kila moja limeandikwa jina la aliyelitoa, jina zito kuliko blanketi lenyewe! Wazazi wetu walilima pamba, Mumina. Waliibeba gunia kwa gunia wakalipwa ahadi. Leo watoto wao wanapiga foleni kupokea uzi uliochakaa na kupiga makofi juu yake. Mimi sipigi makofi. Kila mtoto atakayezaliwa katika zahanati yetu mwaka huu atapewa mfarishi mnene ulioshonwa na mikono ya hapa, bila jina la mtu.

Shida ni pamba ya kujazia. Tunainunua kwa mita mjini, imekanyagwa na kukunjwa, kipande kimoja kinene kama godoro na kingine kama karatasi. Nimeambiwa Eastleigh inauzwa kwa jora, unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ndugu yako Abdisamad hupeleka mbuzi Nairobi kila wiki, na akirudi hupitia Mukuyuni kuchukua machungwa. Aniletee majora sita. Pamba tupu, si polista inayoyeyuka ikiona kibatari.

Msalimu binti yako Hani na hilo tumbo lake.

Ndinda Mulei


Tseikuru
12 Machi 2023

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeisomea juu ya tangi.

Abdisamad ameingia maduka manne. Kila muuzaji anasema "pamba tupu" hata akiuza manyoya ya kondoo, kwa hivyo nilimwambia achomoe uzi kidogo auchome kwa kiberiti. Pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi. Polista hujikunja ikawa shanga nyeusi. Wallahi amechoma mali ya watu mpaka akafukuzwa maduka mawili, lakini katika la nne amepata. Amechukua majora manane, sita yako na mawili yangu, kwa sababu Hani atajifungua mwezi ujao nami nataka mjukuu wangu alale vizuri.

Najua utasema, lori la mbuzi hilo. Mbuzi walishuka sokoni, lori likaoshwa kwa sabuni mara mbili likaachwa juani kutwa. Turubai jipya chini, lingine juu. Atakuwa Mukuyuni siku ya soko. Tafuta wanawake wenye migongo, jora ni jepesi lakini ni refu kama gogo, na boda boda wa kwenu nawajua, watalibeba kama maiti na kulipitisha kwenye kila mti.

Mwalimu, usikasirike nikikufundisha. Wewe ulinifundisha kuandika, acha mimi nikufundishe kuweka pamba. Usitoe plastiki yake mpaka siku ya kukata. Laza jora, usilisimamishe, likisimama pamba hushuka chini. Weka mbao lisiguse sakafu, wala usirundike kitu juu yake, ikishabanwa haiinuki tena. Fungua moja likiisha ndipo ufungue lingine. Kabla ya kukata, likunjue lipumzike usiku mmoja, lirudishe unene wake. Na tafadhali, mbali na nafaka. Pamba hunywa kila kilicho karibu nayo, unyevu, moshi, harufu. Inachokunywa haikitapiki.

Mumina


Mbooni
5 Aprili 2023

Mumina mdogo wangu,

Majora yamefika. Kathini wa kikundi chetu alibeba moja kichwani toka barabarani hadi juu, watoto wakimfuata wakiimba kama wamemwona bibi harusi. Tulipolikunjua sebuleni kwangu wanawake walilivamia kwa mikono. Wote kumi na wanane! Jeupe, laini, unene mmoja. Kathini akalala juu yake na viatu vyake. Nikamwambia, "Ondoka, hiyo si mbingu." Akaniambia, "Mwalimu, kama si hii, basi mimi siendi."

Umenifundisha na nimekusikia. Lakini usinifanye mtoto. Nimeweka mavuno ya familia hii miaka thelathini, njaa ikija na njaa ikiondoka, na hakuna punje iliyoharibika mikononi mwangu. Stoo ya kanisa inavuja, kwa hivyo majora yote yako kwenye ghala langu juu ya mbao. Nimeyatunza kama mama alivyonifundisha kutunza kila kitu chenye thamani.

Mifarishi ishirini iko tayari. Tumekubaliana tuitoe baridi ikianza. Mwambie Abdisamad ana chai yake kwangu kila akipita Mukuyuni.

Ndinda


Mbooni
20 Juni 2023

Mumina Dirie,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Watoto watatu wa zahanati yetu ni wagonjwa. Wote walipewa mifarishi iliyojazwa pamba yenu. Walianza kwa mate, yakitiririka bila kukoma. Kisha macho, kisha kutapika, kisha pumzi ikawa inakwama. Wawili wametibiwa na kurudishwa. Wa tatu ana wiki tano. Ni wa Yvonne, binti niliyemfundisha, mke wa fundi wa baiskeli. Yuko hospitali ya rufaa na mpira wa hewa puani. Daktari aliangalia mboni za macho yake, akasema ni sumu ya wadudu, akaamuru mfarishi utolewe wodini. Mfarishi wetu! Umebebwa kwa ncha za vidole kama nyoka, mbele ya mama yake.

Sumu ya wadudu. Nilijiuliza, ni nani kati yetu anayeishi nayo? Sikutafuta mbali. Lori linabeba mbuzi wiki nzima, mbuzi walioogeshwa dawa ya kupe, na dawa yenyewe kwenye madumu. Kisha linapakia pamba ya watoto. Mliliosha kwa sabuni? Nani aliona? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba pamba hunywa kila kilicho karibu nayo. Ulijua!

Kathini amesema tusiharakishe. Nimemwambia upole ndio uliotufanya tufunikwe na blanketi za kampeni maisha yetu yote. Nchi hii inauawa na watu wanaosema tusiharakishe. Mfanyabiashara anauza mahindi yenye ukungu, tusiharakishe. Anauza mbegu zisizoota, tusiharakishe. Mimi nimeharakisha. Nimekwenda kwa chifu. Juzi Jumapili nikasimama kanisani, mbele ya watu mia tatu, nikalitaja jina la ndugu yako na nambari ya lori lake.

Watu wenu mnajua kuuza. Sasa mtajua pia kujibu.

Ndinda Mulei


Tseikuru
2 Julai 2023

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako siku ambayo tayari nilikuwa najua yaliyomo.

Abdisamad aliingia Mukuyuni siku ya soko, kama kawaida, kuchukua machungwa. Alikuwa hajazima injini. Mtu akasoma nambari ya lori kwa sauti. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele, la pili likampata hapa juu ya jicho. Amenisimulia kwamba alidhani ni ajali, akashusha kioo cha pembeni kuuliza nani ameumia. Mama aliyemuuzia machungwa miaka sita alisema, "Ndiye huyo." Polisi walimtoa pale akiwa hai, nawashukuru kwa hilo. Kisha wakamshtaki. Amepewa dhamana tusiyoweza kuilipa, na lori limeshikwa kama kielelezo. Kesi ni tarehe 7 Agosti. Duka langu nimelifunga wiki nzima kwa sababu hakuna anayeingia. Hata hapa Tseikuru habari imefika, na habari ikisafiri haipungui.

Umeandika "watu wenu". Mama yangu alikuuguza malaria kwa maziwa ya ngamia. Alipokufa ulikaa nasi siku tatu ukiwa umefunika kichwa. Nilitafuta mahali ulipohama ukawa mgeni, sikupaona.

Namwombea mtoto wa Yvonne. Namwombea kwa jina hilo hilo la mama yake ulilonipa.

Sasa nakujibu kama muuza duka. Lori halibebi dawa ya kupe. Mbuzi wanaogeshewa hapa kwetu, wiki moja kabla ya safari, la sivyo mnunuzi wa nyama hawachukui. Na hili ndilo kubwa. Majora yale yalikuwa manane. Yalinunuliwa duka moja, siku moja, yakalazwa lori moja, chini ya turubai moja. Mawili yako hapa. Mtoto wa Hani amezaliwa tarehe 20 Aprili na tangu siku hiyo amelalia mfarishi niliomshonea kwa pamba hiyo. Ana mashavu kama andazi. Hajapiga hata chafya.

Basi kilichoingia kwenye pamba yako kiliingia baada ya Mukuyuni. Nakuuliza bila hasira, wallahi nimeiweka hasira kando ili niweze kuandika: mliyafungulia wapi majora, na ni nani aliyeyagusa?

Mumina


Mbooni
10 Julai 2023

Mumina Dirie,

Kwa hiyo sasa ni sisi. Kila anayeshikwa hapa nchini huanza kwa kuonyesha kidole nyumba ya aliyeibiwa.

Umeuliza, nakujibu, ili usiseme nilikwepa. Yalipokwisha kuingia ghalani hakuna aliyeyagusa majora ila mimi. Ufunguo wa ghala huwa shingoni mwangu, hata mume wangu alipokuwa hai hakuushika. Niliyapanga mwenyewe siku ile ile yalipofika. Huku kuna ukungu, plastiki hutoa jasho, kwa hiyo niliiondoa. Nikakunjua kila jora, nikanyunyiza poda ya kuhifadhia mahindi tabaka kwa tabaka, kama mama alivyonifundisha kupanga mavuno, ili fukusi, dumuzi na panya wasisogee. Kisha nikayakunja tena na kuyafunga kwa kamba. Nilitumia poda mpya, pakiti nne, sikubania. Mahindi tuliyoyatunza hivyo tumeyala maisha yetu yote. Niambie ni nani katika wilaya mbili hizi aliyewahi kutunza pamba kwa uangalifu wa namna hiyo. Watoto wa wabunge hawatunzwi hivyo!

Usinitumie habari za mashavu ya mjukuu wako. Wa Yvonne hana mashavu.

Tutaonana mahakamani.

Ndinda Mulei


Tseikuru
17 Julai 2023

Mwalimu,

Nakunakilia maneno yako mwenyewe.

"Nikakunjua kila jora, nikanyunyiza poda ya kuhifadhia mahindi tabaka kwa tabaka."

Mahindi hupepetwa. Huoshwa mara tatu, huchemshwa na maharagwe asubuhi mpaka mchana. Mtoto mchanga haoshi mfarishi. Anaulalia, anaupumua, ananyonya pindo lake.

Tafuta pakiti moja uliyotupa. Geuza nyuma usome.

Tarehe 7 Agosti.

Mumina


Mbooni
24 Julai 2023

Mumina mdogo wangu,

Nimesoma nyuma ya pakiti. Nimezinunua miaka thelathini, na nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika kilima hiki, na sikuwahi kuigeuza pakiti hiyo. Kuna picha ya mtoto mdogo na alama ya msalaba juu yake. Hata asiyejua kusoma angeelewa. Mimi sikuangalia, kwa sababu najua kuhifadhi.

Majora mawili yaliyobaki nimeyazika shambani. Mifarishi niliyoweza kuifikia nimeikusanya. Niliwaambia kina mama ni kwa ajili ya uchunguzi.

Siku tano sijala. Lakini acha nikuambie kilichonizuia kwenda kituoni, nawe unihukumu. Mtoto wa Yvonne ametolewa mpira wa hewa, anapona. Wale wawili ni wazima. Hakuna aliyekufa, Mumina. Kikundi hiki ndicho kitu pekee ambacho wanawake hawa wamewahi kukimiliki bila mwanamume wala mwanasiasa. Nikisema ni mimi, kesho yake kimekufa, na waheshimiwa watarudi na blanketi zao wakisema, mnaona wanawake wakiachiwa? Kila nilichowahi kupigania kitatupwa pamoja nami. Nitakuwa yule mwalimu aliyewawekea watoto sumu. Nani atanisikiliza tena nikisema juu ya barabara, juu ya maji, juu ya karo?

Nina njia. Nitamwendea mpelelezi nimwambie sina hakika tena. Nitasema huenda pamba iliharibikia mahali pasipojulikana. Mlalamikaji akisita, kesi hufa yenyewe. Abdisamad atatoka, lori litatoka, na hakuna atakayelaumiwa. Ulimwengu umejaa makosa yasiyo na mwenyewe. Moja zaidi halitaujaza.

Ila barua yangu ya tarehe 10 iko kwako. Nakusihi, nirudishie, pamoja na hii. Nakuomba kama mtu aliyelala nawe chumba kimoja.

Ndinda


Tseikuru
29 Julai 2023

Mwalimu,

Hii hapa barua yako ya tarehe 10, na hiyo ya juzi pamoja nayo. Sikuzipiga picha wala sikuzinakili. Hani amelia, amesema mimi ni mjinga, kwamba mjomba wake analala sakafuni rumande nami natuma funguo za mlango wake kwa posta.

Ile ya tarehe 10 nilimpelekea Abdisamad aisome nilipokwenda kumwona. Alisoma pole pole, kwa sababu jicho halijafunguka vizuri. Nikamwambia, tumshinde nayo. Akasema, "Walaal, dada yangu, nani ataamini? Watasema Wasomali wameghushi mkono wa mwalimu. Tukiwaonyesha karatasi tutakuwa wauza sumu na pia waghushi. Lililotoka kinywani mwake lazima lirudi kwa kinywa hicho hicho. Mrudishie."

Kwa hivyo nimekurudishia. Usidhani ni msamaha.

Unasema kosa lisilo na mwenyewe. Hili lina mwenyewe. Ulilipa jina kanisani na ukalipa nambari ya gari. Ukilivua jina la ndugu yangu na usilivike lako, litabaki limesimama Mukuyuni likingoja, na kila atakayepita pale anayefanana nasi litamrukia.

Ulinifundisha kwamba mwoga ni mtu anayeongea kwa nguvu mbele ya wanyonge tu. Nilikuwa darasa la saba, niliandika kwenye daftari.

Sitaandika tena.

Mumina


Mbooni
9 Agosti 2023

Mumina,

Umesema hutaandika, hukusema hutasoma.

Ijumaa nilikwenda kituoni. Niliwapa pakiti na barua yangu ya tarehe 10, nikawaambia, ni mimi, andikeni. Afisa akasoma, akanitazama, akacheka kwa upole. "Mwalimu, hii ni bahati mbaya tu. Wewe ni mzazi wetu. Nenda nyumbani upumzike." Nikamwuliza, kwa nini ilikuwa sumu ilipokuwa ya Abdisamad na imekuwa bahati mbaya ilipokuwa yangu? Akaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, usitafute makuu." Nilikataa kuondoka mpaka akaandika. Jumatatu kesi ikaondolewa. Nilikuwa nimeketi nyuma. Abdisamad alipita karibu nami hivi, ningeweza kumshika kanzu. Hakugeuka, nami sikumwita.

Lakini kilichonivunja si hicho. Ni Jumapili, siku moja kabla ya mahakama.

Nilisimama pale pale niliposimama Juni. Nikasema yote. Poda, kamba, pakiti nne, barua, hata zile siku tano nilizotaka kunyamaza. Nilitegemea mawe, Mumina. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, nadhani niliyataka. Walipiga makofi! Mchungaji Mutisya alishuka akanikumbatia, akasema kanisa limeona unyenyekevu wa ajabu, akaanzisha wimbo. Wanawake walinizunguka wakilia. Mzee mmoja akaombea "mtumishi wako aliyejaribiwa". Nilikuwa nimesamehewa kabla ya kukaa. Imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kisha Yvonne akasimama na mtoto wake mgongoni. Mtoto anakohoa bado, unamsikia hata wimbo ukiendelea. Akasema, "Na yule dereva?"

Mchungaji akasema, "Mama, kaa chini, tunamshukuru Mungu."

"Nauliza tu. Nilikuwa nimewaza nimtupie jiwe mwenyewe kama ningekuwa na nauli ya kufika Mukuyuni. Sasa nani anamwombea huyo?"

Mtu nyuma yangu, sikugeuka kumwangalia, akanong'ona, "Hata hivyo, wale watu huwezi kujua." Na kichwa kando yake kikaitikia. Baada ya yote niliyosema! Nilifungua mdomo wangu huu uliowahi kuwanyamazisha madiwani, na wimbo ukanifunika. Yvonne akatoka nje. Nilitakiwa kumfuata. Nilibaki nimeshikwa mikono na watu wanaonisamehe kwa kosa walilolifanya pamoja nami.

Kikundi kimeniomba nibaki mwenyekiti. Nimejiuzulu. Kathini ameshika, na jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha kufuli ya stoo ya kanisa. Ni sawa.

Sikuombi kitu. Nilitaka ujue kwamba nimesema.

Ndinda


Tseikuru
14 Septemba 2023

Mwalimu Ndinda,

Mimi si mwandishi kama dada yangu, utanisamehe. Mumina amesoma barua yako. Hatajibu. Mimi najibu kwa sababu jina lililotajwa lilikuwa langu.

Ni kweli ulisema. Wakili aliniambia ulikaa kituoni kwa saa nne ukikataa kuondoka. Hilo nimelipokea. Sitaki uje Tseikuru, wala usitume mbuzi wala mchele. Lori limetengenezwa kioo. Jicho linaona, si kama zamani, lakini barabara naiona.

Jumatatu nilirudi Mukuyuni. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikijiambia nipite njia nyingine, lakini machungwa yako huko, nayo ndiyo kazi yangu. Nilishuka. Hakuna aliyetupa jiwe. Watu waliangalia simu zao. Nikaenda kwa yule mama aliyeniuzia miaka sita. Nikamwamkia, nikamwuliza bei. Akasema yote yameshauzwa. Yalikuwa yamejaa mbele yake, gunia tatu na beseni. Mtoto wake mdogo alikuja akishika tairi langu, kama watoto wanavyofanya. Mama akamvuta kwa nguvu mpaka akalia, akampangusa mikono kwa leso.

Huyo mama si wa kanisa lenu. Mukuyuni wako wengi wasio wa kanisa lenu. Uliyosema Juni yaliwafikia kwa siku tatu. Uliyosema Agosti bado yako kanisani.

Ukitoka upande wa mji wa Wote, yeye ni wa tatu mkono wa kushoto, ana mwavuli wa manjano. Jina lake kwa kweli sikuwahi kumwuliza, nilimwita mama tu, naye aliniita kijana wangu.

Anza na yeye.

Abdisamad Dirie